Droo ya Marehemu

Kitasa kililia kwa nje: kach! Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua wengine wenu mlinilaani hadi usingizi ukawapitia. Haya, sogeeni. Bi Nukta bado yumo humo humo ndani ya stoo ya vifaa vya kiwanda.

Aliusukuma mlango kwa kiganja. Chuma. Akausukuma kwa bega. Chuma kile kile.

"Meneja! Mlango umejifunga!"

"Haujajifunga," sauti ikamjibu kutoka kwenye kidirisha. "Nimeufunga mimi."

Kidirisha chenyewe kina wavu wa waya, na chini ya wavu kuna upenyo wa kupitishia vifaa. Mkono unapita, kichwa hakipiti. Nyuma ya wavu alisimama Meneja wa kiwanda, shati jeupe, meno meupe, roho sijui.

Kwa aliyedandia hadithi leo, nisimwache njiani. Bi Nukta ni mkaguzi wa vipimo vya zamani. Mletee maikromita, kile kifaa kinachobana chuma kati ya taya zake na kukupa unene wake, iliyotengenezwa kabla hajazaliwa, atakwambia ilitunzwa na nani na inasema kweli kiasi gani. Jina hilo alipewa kwa sababu hasamehi hata nukta. Kaka yake, wa tumbo moja, fundi wa kiwanda hiki, yuko rumande wiki ya tatu sasa. Alichonga shafti, ule mhimili wa chuma wa winchi, akaipima, akaipitisha. Kumbe ilikuwa nene kuliko inavyotakiwa. Beringi ikabanwa, ikachemka, ikapasuka, na mzigo ukamwangukia mwenzao miguuni. Kaka anaapa kwamba maikromita ilimdanganya. Kiwanda kinasema aliyedanganya ni yeye. Leo saa kumi jioni kamati ya uchunguzi inakuja kumaliza ubishi, na Meneja alimwita Bi Nukta aje aikague maikromita hiyo "kwa haki".

Mumewe mwenyewe, Baba Pacha, anayefanya kazi humu humu, ndiye aliyembembeleza aje. "Nenda, mke wangu. Nani atamtetea shemeji kama si wewe?"

Basi akaja. Simu akaiacha getini kama kila mgeni. Na sasa ndiyo hivyo.

"Karatasi iko mezani," Meneja alisema. "Imeshachapwa. Weka saini, mlango utafunguka."

Bi Nukta aliisoma akiwa amesimama. *Nimeikagua maikromita namba sita. Nimeikuta nzima, haina kasoro. Kosa ni la mpimaji.*

"Mpimaji ni kaka yangu!"

"Ndiyo maana nimekuita wewe. Akiandika mgeni, watu watabisha. Akiandika dada yake, nani atafungua mdomo?"

Shetani angesikia hiyo angeomba kalamu anukuu.

"Na nisiposaini?"

"Nitaiambia kamati kwamba mkaguzi alikuja, akaikuta nzima, akakimbia kwa aibu. Wewe utakuwa humu. Piga kelele upendavyo, mashine zinapiga zaidi." Akatazama saa yake. "Saa nane na nusu sasa. Mimi si mtu mbaya, mama. Ikague kwanza, utaona mwenyewe ni nzima."

Akaondoka. Viatu vyake vikasikika kwenye sakafu ya karakana, kisha vikamezwa na mngurumo wa mashine.

Bi Nukta aligeuka kukitazama chumba. Urefu hatua saba, upana hatua nne. Dirisha moja la vioo vya kuinamisha, juu karibu na dari, ambalo paka angepita kwa kujibana. Joto la bati lilikuwa limeshuka lote likakaa humo. Na ukutani, kulabu. Kulabu safu kwa safu, mamia, kila moja imening'iniza kifaa au kibao kidogo cha shaba chenye namba.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema, maana alimwona mtu ameketi kwenye kigoda upande wa pili wa wavu.

"Marahaba, mwanangu. Lakini usiniulize kitu. Nimebakiza miezi miwili nistaafu."

Huyo ni mtunza stoo. Miaka thelathini na moja kwenye kigoda hicho, wakamwita Mzee Kulabu mpaka na mkewe akalizoea jina.

"Ufunguo unao?"

"Kauchukua mwenyewe. Nilichoachiwa ni kigoda."

"Basi nisaidie kitu kimoja. Vibao hivi vya shaba ni vya nini?"

Hapo Mzee Kulabu akapata uhai. Mtu hata awe na hofu namna gani, muulize kuhusu kazi yake. "Kila fundi ana kibao chake na namba yake. Ukichukua kifaa, unatundika kibao penye kulabu yake. Ukirudisha, unachukua kibao chako. Bila kibao, mwanangu, hata Meneja hapewi bisibisi."

"Na hakuna anayesahau?"

"Anayesahau nini? Ukishafanya kazi hapa miaka mitano, kichwa hakihusiki tena. Mkono unatundika wenyewe."

Liwekeni neno hilo mfukoni. Tutalihitaji.

Bi Nukta alivuta kiti, akakiweka kisanduku cha mbao cha maikromita mbele yake juu ya jiwe bapa la kupimia, akakifungua.

Maikromita namba sita ilikuwa imelala kwenye kitambaa kilicholiwa na nondo. Fremu yake ilikuwa na rangi nyeusi iliyochubuka, namba zimechongwa kwa mkono uliotulia wa mafundi wa zamani. Kifaa kilikuwa kizuri. Lakini kabla hajaigusa, jambo moja lilimkera: taya zake zilikuwa zimebanwa kabisa, chuma kwa chuma.

Marehemu baba yao aliwahi kuwachapa wote wawili, yeye na kaka yake, kwa kosa hilo hilo. Maikromita haihifadhiwi imefumbwa. Unaiachia nafasi ya unene wa karatasi, kwa sababu chuma nacho huvimba kwa joto, na kikikosa pa kuvimbia kinajiumiza chenyewe. Afadhali kaka yake alale na viatu kuliko kufumba maikromita.

Lakini hilo si ushahidi. Huenda Meneja aliichezea tu.

Akararua pembe ya ile karatasi ya saini, akaibana katikati ya taya, akaivuta taratibu kuzifuta nyuso zake. Ndiyo kazi pekee ya maana iliyofanywa na karatasi ile siku hiyo. Kisha akakizungusha kifundo cha nyuma. Tik-tik-tik, kikalia vizuri, bila kukwama. Mstari wa sifuri ukakutana na mstari wa sifuri, sawasawa. Akainua taya kuelekea mwanga wa dirisha. Hakuna hata uzi wa mwanga uliopenya.

Nzima.

Labda sifuri ni nzima na huko mbele ni mbovu. Shafti ya winchi ni milimita ishirini. Akatafuta kwenye kabati kigezo cha ishirini, kile kipande cha chuma kilichosagwa mpaka unajiona usoni mwake. Akaiacha maikromita ipoe juu ya jiwe, kwa sababu joto la mkono tu linatosha kuifanya iseme uongo. Dakika kumi zikapita, na ilimbidi akae tu azihesabu.

Akapima.

Ishirini. Kamili. Si zaidi, si pungufu.

Bi Nukta aliiweka chini, akalia. Nasema kama ilivyokuwa. Alikuwa ameamini siku zote ishirini na moja kwamba kaka yake anasema kweli, na sasa kifaa kilikuwa kimemjibu kwa ulimi usiojua kupendelea ndugu. Mwenzao alikuwa hospitali na miguu miwili iliyovunjika. Kama kaka alikosea, basi alikosea, na yeye dada mtu ndiye aliyeletwa hapa kumfungia mlango wa jela kwa mkono wake.

"Naona unalia," Mzee Kulabu alisema kwa upole.

"Ni nzima, mzee. Nzima kama ya jana."

"Mh."

Ile "mh" ilimfanya Bi Nukta ainue kichwa. Akaitazama tena maikromita. Nzima kama ya jana. Kama ya jana?

Akafuta machozi kwa kiganja, akaanza kucheka peke yake.

Nieleze, maana Mzee Kulabu naye alidhani mama wa watu amerukwa na akili. Maikromita ni skrubu. Skrubu inayotumika inalika, na inalika pale inapotumika sana. Karakana hii imechonga shafti za milimita ishirini kwa zaidi ya robo karne. Maikromita namba sita ilipaswa kuwa imechoka pale pale kwenye ishirini, hata kama sifuri yake bado ni ya kijana. Hii ilikuwa nzima kila mahali. Ukikutana na bibi wa miaka themanini mwenye meno yote thelathini na mawili, ama ni muujiza ama ni meno ya kununua.

Akaigeuza fremu kwenye mwanga. Naam! Ile rangi iliyochubuka ilikuwa na mikwaruzo iliyolala upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Kiganja cha fundi hakichubui hivyo. Kiganja kinalainisha taratibu, kama mpini wa jembe. Huu ulikuwa uzee wa msasa.

"Mzee," alinong'ona kwenye wavu, "hii siyo maikromita ya kaka yangu. Ni pacha wa ile. Ilikaa kabatini miaka yote kama sahani za wageni, kisha mtu akaichongea namba sita na kuizeesha juzi juzi."

Mzee Kulabu alitazama viatu vyake. "Mimi sina mdomo, mwanangu."

"Ile ya kweli iko wapi? Wameitupa?"

"Nani aitupe!" Mzee alikereka, hofu akaisahau. "Aliyebadilisha si Meneja, Meneja hajui kutofautisha maikromita na kibiriti. Ni fundi. Na fundi hatupi kipimo. Kipimo kikifa tunaki..." Akakatiza. Akakohoa kikohozi cha uongo.

Viatu vilikuwa vinarudi.

Bi Nukta alikimbilia kiti, akashika kalamu. Uso wa Meneja ukajaa kwenye wavu.

"Saa tisa na dakika kumi. Vipi?"

"Nimeipima," alisema kwa sauti ya mtu aliyeshindwa. Machozi yalikuwa bado mashavuni, yakamsaidia. "Ni nzima."

"Nilikwambia."

"Naomba muda kidogo. Mkono unatetemeka, saini itaharibika. Ni kaka yangu, Meneja."

Meneja alitabasamu. "Nakuelewa sana, mama. Nitamtuma mumeo aje ashuhudie ukisaini. Ukiwa na mtu wako karibu utapata nguvu."

Akaenda zake, anapiga mluzi. Alijiona mjanja, bwana huyu, na hakujua kwamba amemfungia paka kwenye stoo ya samaki.

"Mzee! Kipimo kikifa mnakifanyaje?"

Hapo Mzee Kulabu akaanza kuongea na ukuta wa mbele yake, kama mtu anayesali. "Mimi siongei na mtu. Najikumbusha tu sheria za stoo kabla sijastaafu. Kipimo kikifa tunakizika. Droo ya chini kabisa, kona ya kushoto. Hatuifungui ovyo. Na hakuna kinachoingia mle bila kibao cha aliyekizika, ili nijue ni nani wa kumpa kipya. Hiyo ndiyo sheria yangu. Nimesema na ukuta."

Bi Nukta alikuwa ameshapiga magoti.

Droo ilikuwa nzito, imekwama kwa kutu. Mtu alikuwa ameandika juu yake kwa chaki, zamani sana: MAREHEMU. Akaivuta, ikagoma. Akaweka mguu kwenye kabati, akavuta kwa uzito wake wote, ikatoka kwa kelele ambayo ingemwamsha marehemu mwenyewe.

Ndani walilala wazee. Rula zilizopinda, bikari zilizovunjika miguu, saa za kupimia zilizoziba vioo, kila kimoja kimezungushiwa karatasi ya mafuta na kufungwa kwa waya. Karatasi zote zilikuwa zimegeuka kahawia. Isipokuwa moja. Moja ilikuwa bado ya njano, na mafuta yake bado yalinata vidoleni.

Aliufungua waya, akakitoa kilichomo.

Maikromita. Namba sita, imechongwa. Fremu laini kwa viganja vya miaka mingi. Na taya zake zilikuwa zimeachiwa nafasi ya unene wa karatasi. Aliyeizika hakuweza hata kumdhulumu marehemu.

Juu ya jiwe. Subira. Dakika kumi nyingine, na mashine nje zikipiga, na jasho likimtiririka mgongoni. Alitamani kuipulizia ipoe, akajizuia, maana pumzi nayo ni joto. Kisha akaipima.

Sifuri: sawa. Kwenye kigezo cha ishirini: kumi na tisa nukta tisini na saba.

Akarudia. Tisini na saba. Mara ya tatu, tisini na saba.

Sehemu tatu za mia za milimita. Hazifiki hata nusu ya unene wa unywele. Kaka alikuwa anachonga shafti mpaka maikromita isome ishirini, kumbe ile ishirini ya kwake ilikuwa imezidi. Hakukosea. Hakudanganya. Alishika kifaa kichovu alichopewa, akakiamini kama alivyofundishwa na baba yake.

"Kaka yangu," Bi Nukta alisema kwa sauti, na safari hii machozi yalikuwa matamu. "Kaka yangu, unatoka!"

"Sijasikia kitu," Mzee Kulabu aliuambia ukuta, lakini sauti yake ilikuwa inacheka. Halafu ikaacha kucheka. "Kibao chake umekiona?"

Kibao. Katika furaha alikuwa amekisahau. Sheria ya stoo: hakuna kinachozikwa bila kibao. Na mkono wa fundi hautaki ruhusa ya kichwa. Mtu alikuja hapa saa ya chakula, mzee akiwa ametoka. Akabadilisha maikromita kwa siri, akaificha ya kweli mahali ambapo hakuna anayefungua, akaizungushia waya. Na kabla ya kuisukuma droo, mkono wake ukatoa kibao mfukoni na kukichomeka kwenye mkunjo wa karatasi, kama ulivyofanya maisha yake yote. Alipokuja kukumbuka, Mzee Kulabu alikuwa amerudi kwenye kigoda, na tangu siku ile hajabanduka hapo hata saa ya chakula.

Bi Nukta aliifunua ile karatasi ya mafuta. Kibao cha shaba kikadondoka kiganjani mwake, uso chini.

Akakigeuza.

Arobaini na moja.

Aliijua namba hiyo. Kwa miaka kumi na miwili ilikuwa inalia kwenye sahani ya funguo kila jioni, ikishikana na ufunguo wa nyumba yake. Watoto wake pacha walijifunzia kuhesabu juu yake. Aliwahi kuing'arisha kwa majivu, siku moja ya Jumapili, akamwambia mwenye nayo, "Ona sasa, inakaa kama dhahabu."

Wiki tatu zilizopita mwenye nayo alirudi nyumbani akasema kibao kimedondoka njiani. Jioni hiyo hiyo akasema pia amepandishwa cheo, sasa ni msimamizi wa karakana. Bi Nukta alishangilia. Aliwainua watoto wamshangilie baba yao. Na siku hiyo hiyo kaka yake alikuwa analala kwenye sakafu ya rumande kwa mara ya kwanza.

"Mzee," alisema polepole, "ulijua?"

Mzee Kulabu hakuongea na ukuta tena. Alimtazama machoni kupitia wavu. "Nilikijua kibao tangu siku ya pili. Ningekwambiaje, mwanangu? Ni baba wa watoto wako."

Kikulacho ki nguoni mwako. Wengine tunaisema methali hii kila siku. Bi Nukta ndiye aliyemshonea mwenye kibao mfuko wa kukitilia.

"Mama Pacha?"

Sauti ilitoka upande wa mlango. Bi Nukta alikifumbata kibao kwenye ngumi ya kushoto. Akaisukuma droo kwa goti, ikakwama nusu. Maikromita ya kweli ilikuwa bado juu ya jiwe, kando ya ile ya uongo, pacha kwa pacha.

Ufunguo ukazunguka. Mlango ukafunguka upana wa mtu mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu saa nane na nusu Bi Nukta akaiona karakana, mwanga, watu, njia ya kutokea. Kisha mumewe akaingia, akaujaza upana wote ule.

"Meneja kasema umekubali," Baba Pacha alisema. "Umefanya vizuri. Saini tu, mke wangu, twende nyumbani. Watoto wanakungoja."

"Kibao chako ulikidondosha wapi, Baba Pacha?"

Aliuliza kwa utulivu, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Na mkono wa mumewe, bila kuomba ruhusa ya kichwa, ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa suruali, ukapapasa, ukabaki pale pale.

Macho yake yakaenda kwenye jiwe. Moja, mbili. Yakashuka kwenye droo iliyo wazi nusu.

Huko nje honi ililia getini, mara mbili, na mtu akapaza sauti kwamba kamati imefika mapema. Mzee Kulabu alisimama ghafla, kigoda kikaanguka.

Baba Pacha hakugeuka. Alirudisha mkono nyuma yake, akausukuma mlango ukajifunga, akazungusha ufunguo kwa ndani na kuutia mfukoni, mfuko ule ule.

"Mama Pacha," alisema, kwa sauti ile ile anayowabembelezea watoto walale, "fumbua mkono."